Nani Anamsemea? Kuwafunza Maafisa wa Ustawi wa Jamii Kuwahudumia Wanawake Wenye Ulemavu Walionusurika Dhuluma

Mwanamke wa miaka thelathini hivi ameketi kwenye benchi la hospitali ya umma mjini Kisumu, kando ya wifi yake aliyemleta kutoka upande wa Nyakach. Mwanamke huyo ni kiziwi. Afisa wa ustawi wa jamii, ambaye si mtu mbaya ila tangu asubuhi hajapata nafasi ya kunywa hata chai, anamtazama wifi na kuuliza, “Anaitwa nani?” Wifi anajibu. “Amefanyiwa nini?” Wifi anaeleza, afisa anaandika. Baada ya robo saa fomu imejaa, mgonjwa anaelekezwa kwa daktari, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe jambo lolote. Faili inayofunguliwa siku hiyo ina maelezo kamili ya tukio, lakini ni maelezo ya wifi.

Mfano huo nimeutunga, ingawa nadhani yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya aina hiyo, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, ataona kwamba sikulazimika kubuni mengi. Tatizo halimo katika ukosefu wa huruma. Afisa hakuwahi kujiuliza wifi huyu ni nani katika jambo lenyewe. Huenda ndiye aliyemwokoa na kuuza kuku ili apate nauli. Huenda pia aliyetenda dhuluma ni mume wa wifi, na wifi amekuja hospitalini ili ahakikishe kwamba habari inatoka ikiwa imekatwa ncha.

Mafunzo mengi ya maafisa kuhusu ulemavu na dhuluma hugawanywa katika mafungu yaliyozoeleka: aina za ulemavu, haki za binadamu, sheria, ushauri nasaha. Yote hayo yana nafasi yake. Ugumu wenyewe, hata hivyo, hupatikana mahali ambapo mafungu hayo hayafiki vizuri, kwa sababu maisha ya wanawake wengi wenye ulemavu hupitia mikononi mwa mtu mwingine: anayemwogesha, anayemtafsiria, anayepokea pesa zake, anayemsukuma hadi barabarani. Mtu huyo wa kati ndiye njia ya msaada, na mara nyingine ndiye dhuluma yenyewe. Kumfunza afisa ni kumfunza namna ya kumfikia mwanamke bila kupitia kwa mtu wa kati, na bila kumvunjia mwanamke uhusiano ambao kesho yake bado atauhitaji.

Ukubwa wa suala unaweza kukadiriwa kwa takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kudhulumiwa kingono. Sensa ya 2019 nayo ilihesabu zaidi ya watu laki tisa wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Sensa hiyo ilitumia maswali yanayohusu mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Maswali hayo yanamfaa afisa vilevile anapompokea mtu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa yanauliza ni kitu gani kinachomwia mtu vigumu na kwa kiasi gani, badala ya kumuuliza yeye ni “mlemavu wa nini”. Ulemavu wa akili na matatizo ya kusikia mara nyingi hayaonekani kwa macho, na afisa asiyeuliza hudhani tu kwamba mwanamke aliye mbele yake ni mkaidi au mwenye haya.

Inafaa pia kufahamu kwamba nchini Kenya jina “mfanyakazi wa ustawi wa jamii” halimtaji mtu wa aina moja. Yuko afisa wa hospitali, afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo, afisa wa watoto, na mwajiriwa wa shirika lisilo la kiserikali. Kisha wako wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao laki moja nchi nzima, ambao serikali iliwazindua rasmi mwaka wa 2023 na ambao ndio huingia nyumbani kwa watu. Hawa wa mwisho ndio wanaojua ni boma gani lina binti asiyetoka nje, na mara nyingi ndio wa mwisho kualikwa kwenye mafunzo.

Jambo la kwanza la kufunzwa ni kuitambua dhuluma ambayo haina jeraha la kupigwa picha. Kumfichia mwanamke magongo yake ili asiende kanisani ni dhuluma. Vivyo hivyo kutochaji kiti chake cha magurudumu cha umeme, kumnyima dawa ya kifafa kama adhabu, au kumpeleka kliniki akadungwa sindano ya kupanga uzazi bila kuelezwa ni sindano ya nini. Kuna pia suala la pesa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na kwa kawaida fedha hizo hupokelewa na mlezi. Utaratibu huo una sababu nzuri, lakini unamfanya mlezi awe na sababu ya kumweka mwanamke nyumbani asionekane, na unamfanya mwanamke aogope kwamba akilalamika, yeye na watoto watakosa hata hizo elfu mbili. Afisa asiyeuliza “Pesa zako huzipokea nani, na huzitumia vipi?” anaweza kumaliza mahojiano yote bila kugusa kiini.

Sehemu inayohitaji muda mrefu zaidi kuliko zote ni mawasiliano, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba kwa mwanamke kiziwi dawa ni kumwita mkalimani wa lugha ya ishara. Mara nyingine ndivyo. Aliyesoma katika shule ya viziwi, kama ile ya Mumias, ya Nyang'oma huko Bondo au ya Ngala mjini Nakuru, kwa kawaida anaijua Lugha ya Ishara ya Kenya, na mkalimani stadi atamfaa. Ila wako wengi ambao hawakupelekwa shule hata siku moja. Hao hutumia ishara za nyumbani, zilizotungwa kati yao na mama na ndugu zao, ambazo hata mkalimani mwenye cheti hazijui. Njia inayofaa ni kutumia wakalimani wawili: mmoja anayesikia, na mwingine ambaye mwenyewe ni kiziwi na amezoea kusoma ishara zisizo rasmi. Kiziwi huyo humfasiria mwanamke, na mwenzake humfasiria afisa. Kazi huenda polepole na huongezwa nguvu kwa michoro ya mwili, picha za nyumba na watu, na kuigiza kwa mikono. Wanawake wengi wasiosikia hawakuwahi kufundishwa ishara ya sehemu za siri, kwa kuwa hakuna aliyeona haja, na bila mchoro hawana namna ya kueleza walichotendewa.

Mkalimani naye ni mtu wa kati. Jamii ya viziwi mjini Kisumu si kubwa, na mkalimani wa leo huenda ndiye aliyefasiri mahubiri Jumapili iliyopita mbele ya familia yote ya mtuhumiwa. Kwa hiyo mwanamke aulizwe kwanza kama anamjua mtu huyu na kama anamkubali, na aulizwe wakati mkalimani hayuko karibu, kwa picha au kwa kidole kinachoonyesha ndiyo au la. Wakati wa mahojiano afisa amtazame mwanamke, asimtazame mkalimani, na aketi mahali ambapo mwanga unaangukia uso wake mwenyewe badala ya kutoka dirishani nyuma yake.

Kosa dogo kuliko yote, na lenye madhara makubwa, ni kuamini kuitikia kwa kichwa. Mtu aliyezoea kusemwa na kusukumwa maisha yake yote hujifunza kwamba ukiitikia kwa kichwa, watu huridhika na kukuacha. Maana yake mara nyingi ni “naona unaongea”, wala si “ndiyo, alikuwa yeye”. Afisa aliyefunzwa hujizuia kuuliza maswali ya ndiyo na la kuhusu tukio lenyewe. Huuliza “Kisha ikawaje?” na kungoja. Kungoja huko, niseme ukweli, ndiko kunakowashinda watu wengi katika mazoezi. Sekunde kumi za kimya humwasha mkufunzwa kama upupu.

Zoezi moja linaloonyesha hili vizuri ni rahisi kufanya. Washiriki hugawanywa wawili wawili. Mmoja aeleze safari yake ya jana kwa dakika tano bila kusema wala kuandika, na mwenzake aandike tu alichoelewa. Kisha karatasi husomwa kwa sauti. Aliyepanda matatu ya Ahero anakuta ameandikiwa kwamba aliendesha trekta. Watu hucheka, halafu mkufunzi anawaomba wafikirie karatasi hiyo ikiwa ndiyo taarifa ya polisi. Naliona zoezi hili kuwa bora kuliko lile la kumfunga mtu kitambaa machoni na kumwambia sasa ajue maisha ya kipofu, ambalo humfundisha mshiriki kuogopa ulemavu na kumwonea mwenye nao huruma, bila kumpa ujuzi wowote.

Kwa mwanamke asiyeona mambo ni tofauti. Aelezwe ni nani wamo chumbani, na aambiwe kila anayeingia au kutoka, kwa sababu hana njia ya kujua kama shemeji amesimama mlangoni. Fomu asomewe yote kabla ya kuweka kidole. Na asiambiwe kamwe, hata kwa utani, “Hukuona, utajuaje ni yeye?” Mahakama ya Rufaa ya Kenya imekubali tangu miaka ya 1980 kwamba mtu anaweza kutambuliwa kwa sauti, ilimradi shahidi anaifahamu sauti hiyo vyema na mazingira hayakuacha nafasi ya kukosea. Kazi ya afisa ni kuandika jinsi anavyomfahamu mtu huyo: alivyosema, alivyokohoa, harufu ya sabuni au ya samaki, kovu lililoguswa, muda ambao wamekaa boma moja.

Kwa mwanamke mwenye ulemavu wa akili, sentensi ziwe fupi na swali liwe moja moja, na swali lililokwisha kujibiwa lisirudiwe bila kuelezwa sababu, kwani akiulizwa tena hudhani kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya na hulibadilisha ili apendeze. Tarehe hazimsaidii. Kinachomsaidia ni kile anachokishika katika wiki yake: ilikuwa kabla au baada ya Jumapili ya soko la Kibuye, mvua ilinyesha, mama alikuwa amekwenda matangani. Maneno yake yaandikwe yalivyo. Akisema “alinifanyia tabia mbaya”, afisa asiandike “alinibaka” kwa nia ya kumsaidia, kwa sababu mbele ya hakimu wakili wa mshtakiwa atauliza neno hilo limetoka kinywani mwa nani.

Kuhusu saa za kwanza, maelekezo ya kitaifa yako wazi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze kabla ya saa 72 kupita na ziendelee kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba zaweza kutolewa hadi saa 120. Nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki unaozifanya zioze. Daktari hujaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, na fomu ya P3, ya uchunguzi wa kitabibu, ndiyo huenda polisi. Haya hufundishwa kila mahali. Kisichofundishwa sana ni kwamba mwanamke anayeogeshwa na mtu mwingine kwa kawaida hufika hospitalini akiwa ameshaogeshwa, kwa upendo au kwa hila, na ushahidi umekwenda na maji. Maana yake ni kwamba walezi wenyewe, na wahamasishaji wa afya wanaowatembelea, wanahitaji kujua jambo hili mapema, kabla hakijatokea chochote.

Fundo gumu zaidi ni la ridhaa. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa na kifungu, cha 146, kilichozungumzia watu wenye ulemavu wa akili kwa maneno ya kale ya dharau, kana kwamba mtu wa namna hiyo hana uamuzi wowote duniani. Nia ilikuwa kumlinda. Lakini ukisema kwamba mwanamke hawezi kamwe kukubali, basi hata ndoa yake na mpenzi wake huwa jinai. Na ukisema kwamba haelewi kitu, hutaweza kusimama dakika tano baadaye na kudai kwamba ushahidi wake uaminiwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unafuata njia nyingine: kila mtu ana uwezo wa kisheria, na anayehitaji msaada wa kuamua apewe msaada huo. Kwa afisa maana yake ni kwamba uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mwanamke anaweza asijue kuhesabu chenji na bado akajua vizuri kabisa kwamba hakutaka kuguswa. Anaweza kukubali kupimwa na daktari na kukataa kwenda polisi siku hiyo hiyo, na maamuzi hayo mawili yaandikwe kando kando.

Sheria zenyewe zinampa afisa nguvu kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa lugha isiyomdhalilisha na ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, na haimzuii mwenye ulemavu wa akili kuwa shahidi mradi anaelewa maswali na kuyajibu kwa mantiki. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inairuhusu mahakama kusikiliza kesi faraghani, kumweka shahidi nyuma ya kizuizi, au kumruhusu azungumze kupitia mtu wa kati aliyeidhinishwa na mahakama. Katika kutaja wanaoweza kuwa mtu wa kati huyo, sheria inamtaja mfanyakazi wa ustawi wa jamii kwa jina la kazi yake. Katiba nayo, katika kifungu cha 50, inakubali mtu wa kati kwa mlalamishi na kwa mshtakiwa pia.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Afisa ambaye kwa wiki nzima amefunzwa kumwondoa mtu wa kati njiani sasa anaitwa na mahakama awe yeye. Bila mazoezi ya kutosha atafanya alichofanya wifi kwenye benchi: atalainisha, atafupisha, ataongeza neno la kuziba pengo. Anapaswa kufunzwa kutenganisha kofia zake mbili. Aliyekuwa mshauri wa mwanamke kwa miezi sita si lazima awe ndiye anayemsemea kizimbani, na ni heri kazi hizo zigawanywe kwa watu wawili pale ambapo kaunti ndogo ina zaidi ya mmoja. Mara nyingi haina, na mafunzo yanayojifanya hayajui hivyo hayamsaidii mtu.

Kuhusu kesi “kumalizwa nyumbani”, jambo ni fupi. Sheria hiyo ya 2006 haiwapi wazee wa kijiji, chifu wala familia mamlaka ya kufuta kesi ya kingono kwa mbuzi wawili au fidia. Uamuzi wa kuisitisha ni wa ofisi ya mashtaka ya umma. Afisa aweze kusema hivyo kwa upole, kwa Kiswahili au kwa Kijaluo, akiwa ameketi kwenye kiti alichopewa na wazee haohao.

Mpango wa usalama unahitaji kuandikwa upya kabisa. Ushauri wa kawaida humwambia mwanamke afungashe mkoba na kukimbilia kwa jirani. Mwanamke anayebebwa kwenda chooni hawezi kukimbia. Aulizwe: magongo yako hulala wapi usiku? Simu yako huchajiwa na nani? Dawa zako zimebaki za siku ngapi? Kadi yako ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iko mikononi mwa nani, na kuna nakala? Ni nani mwingine, asiye yule, anayejua kukubeba bila kukuumiza? Swali hilo la mwisho ndilo mpango wenyewe. Nambari 1195, ya msaada kwa wanaokumbwa na dhuluma za kijinsia, hupigwa bure saa zote, lakini asiyesikia au asiyesema anahitaji mtu wa kumpigia, na mtu huyo apatikane na ajulikane kabla ya usiku wa hatari. Nyumba salama ni chache, na iliyo na choo cha ngazi tatu si salama kwa kila mtu. Afisa aizuru mapema, ajionee kwa macho.

Walio bora kufundisha haya ni wanawake wenye ulemavu wenyewe, tena walipwe kama wakufunzi, wasialikwe tu kutoa ushuhuda asubuhi kisha warudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Nimekwisha kuona mafunzo ya ulemavu yakifanyika ghorofa ya tatu ya hoteli isiyo na lifti, na posho ikalipwa, na vyeti vikagawanywa.

Siku tatu hotelini hazitoshi kwa kazi hii. Kinachobadilisha mazoea ni msimamizi anayerudi baada ya miezi mitatu, akaketi na afisa ofisini kwake, wakafungua pamoja faili kumi za mwisho za wanawake wenye ulemavu na kusoma mstari wa kwanza wa maelezo katika kila moja. Waandike kwenye karatasi ni ngapi zinaanza na “Anasema”, na ni ngapi zinaanza na “Mama yake anasema”, “Mumewe anasema”, “Wifi yake anasema”.